Mama wa Tufani Kwenye Mizani ya Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeipata! Leo nimezaliwa upya.

Pakiti ya kawaida tu, ya kwa muuza vitabu. Nimeichana kwa meno nikiwa bado mlangoni. Askari wa Tope. Askari wa Tope mwingine. Ngome Iliyobomoka (ninazo nyingi, naweza kujenga mji mzima wa magofu). Halafu kitu kikang'aa. Nikafumba jicho moja, nikavuta polepole. Mama wa Tufani! Yeye mwenyewe. Nywele za radi, joho la mawingu, na macho kama ya Shangazi akiona alama ya kidole kwenye kola ya mteja.

Nimepiga yowe. Muuza vitabu akadhani nimejikata.

Kwa yeyote atakayesoma shajara hii nikishakuwa maarufu: mchezo unaitwa Himaya za Ukungu. Kila mchezaji ana jeshi lake la kadi na pumzi ishirini. Kila zamu nuru ulizotumia zinarudi na unaongezewa moja, na nuru ndiyo unayolipia kadi ya kushusha mezani. Anayeishiwa pumzi kwanza amekufa, aondoke kwenye kiti. Hata mtoto anaelewa. Mimi nilielewa baada ya miezi michache tu.

Sasa Mama. Akitua mezani, wapiganaji wote wa adui wanafagiwa, wanarudi mkononi kwa mwenyewe. Akiwa amesimama, adui hana ruhusa ya kufanya uchawi wowote. Na mimi navuta kadi mbili kila zamu badala ya moja. Kwenye kona kuna namba, nane, ndiyo nuru anayodai. Imeandikwa kwa herufi ndogo, na mimi vitu vidogo sivipi uzito.

Amekuja wakati wake. Jumamosi tunapambana na Mtaa wa Juu, watatu kwa watatu. Kinyozi ana kiti, kwa sababu ndiye nahodha na chumba cha nyuma cha saluni yake ndicho uwanja wetu. Binamu yangu, binti wa Shangazi, ana kiti, kwa sababu anatufunga wote. Kiti cha tatu kinagombewa: mimi na muuza makava ya simu, ambaye tunamwita Meno kwa kuwa hucheka kabla hujamaliza kusema. Mara iliyopita alikaa Meno. Mimi nilishika makoti ya watu. Safari hii makoti ashike yeye, na langu liwe juu.

Nimepita makusudi mbele ya meza yake nikijipepea na kadi. Ameiona. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, meno hayakuonekana.

Jumanne, 4 Machi

Nimefanya tathmini kamili. Uzuri: kumi kwa kumi. Nguvu: kumi na moja kwa kumi. Udhaifu: umetafutwa, haukupatikana.

Kazini hakuendeki. Mimi ni msaidizi wa Shangazi katika duka la dobi. (Nilisoma mpaka pale shule iliponichoka, kisha Shangazi akanichukua kabla barabara haijanichukua.) Nilimsimamisha Mama juu ya kopo la wanga ili tutazamane nikipiga pasi. Shangazi akatokea kwenye mvuke kama jini. Akauliza huyo mwanamke wa kwenye kopo ana mpango wa kukunja shuka au amekuja kukaa tu. Nikasema ni malkia. Akasema basi hapa kila malkia ana pasi yake, na ya kwangu inaunguza suruali.

Haikuungua. Imepata rangi kidogo.

Nikampa Binamu aione, roho yake ichomwe. Hakuitazama picha! Alienda moja kwa moja kwenye kona, kama mtu anayefika harusini na kuuliza kwanza choo kiko wapi. Akasema nuru nane. Akauliza mimi nimewahi kufika zamu ya nane nikiwa hai. Nikasema mara nyingi sana. Akaniomba nitaje moja. Nikasema nina pasi mkononi, nisisumbuliwe.

Kisha akanihubiria, huku anafunga vifungo vya mashati ya watu bila hata kuvitazama. Eti kadi haipimwi kwa inayoyafanya ikishatua. Inapimwa kwa yanayokupata wewe kabla haijatua. Jeshi langu lina majoka sita wazito, hakuna wa kunilinda mwanzoni, na kumwongezea Mama ni kama kuongeza ghorofa kwenye nyumba isiyo na ngazi.

Nikamwambia hayo ndiyo maneno ya watu wasio na kadi za kung'aa.

Jioni nimepeleka kadi kwa Kinyozi, kama sheria inavyotaka. Kadi ngeni haiingii kwenye mechi mpaka ipimwe, ipewe daraja: Mchanga, Jiwe, Mwamba, au Radi. Mchanga ni takataka. Mwamba ni heshima. Lakini Radi ni balaa: kadi iliyozidi nguvu inaharibu mchezo, inafungiwa kwenye droo ya mashine za kunyolea mpaka msimu uishe. Mtaa wa Juu nao wanafuata sheria hiyo hiyo.

Kwa hiyo namtaka Mama awe Mwamba. Asipungue, asizidi. Kama chumvi.

Kinyozi akaigeuza kadi kwenye taa, huku mteja anasubiri na nusu ya ndevu. Akanikumbusha jinsi tunavyopima: kadi hupimwa mikononi mwa adui. Mwenye kadi anampa mpinzani, kisha anakaa apigwe nayo. Kila mtu humsifu mtoto wake, akasema. Mpe jirani akae naye, ndipo utasikia tabia zake.

Adui aliyechaguliwa ni Meno. Na Kinyozi akaongeza kwamba atakuwa anatazama pia nani anafaa kiti cha tatu.

Yaani nikishindwa, Mama atapewa Radi na kufungiwa, na kiti kitaenda kwa Meno. Mambo mawili kwa kipigo kimoja. Lakini mimi nina kichwa. Nimeshapata njia.

Jumatano, 5 Machi

Njia ilikuwa safi. Naiandika hapa ili vizazi vijifunze.

Kwa adabu, kadi za mpinzani unazichanga wewe, ili asijipangie. Nikazichukua kadi za Meno, Mama akiwa ndani yake. Nikachanga kwa mbwembwe, nikamsifia shati lake, nikamuuliza hali ya biashara. Na kwa kidole hiki hiki kilichozoea kuteleza kwenye mikunjo ya suruali, nikamtelezesha Mama mpaka chini kabisa. Hawezi kuvutwa leo wala kesho!

Nilifanya hivyo kwenye michezo yote. Meno hakumwona Mama hata kwa dawa. Mpango ulifanikiwa kwa ukamilifu ambao sijawahi kuufikia katika jambo lolote.

Nikafungwa yote.

Meno ana Mbwa wa Vichakani. Mbwa wa nuru mbili, mbwa wa nuru tatu, wanakuja mapema kama wageni wenye njaa. Mimi mkononi nimeshika majoka, wote wanadai nuru sita na saba. Nimekaa nao kama mlinzi wa duka la vioo: vizuri kutazama, kugusa marufuku. Zamu ya tano pumzi zimekwisha.

Niliruka kwa furaha hata hivyo. Nikamwambia Kinyozi: umeona? Kadi haina madhara! Mpe Mwamba twende nyumbani.

Kinyozi akapangusa kiwembe. Akasema Meno ameshinda bila hata kuigusa kadi hiyo. Akageuza kadi za Meno, akamkuta Mama amelala chini kabisa, kama aliyepanga chumba. Akasema leo hatujapima kadi, bwana mdogo. Leo tumekupima wewe.

Meno alicheka mpaka akalalia meza.

Kesho upimaji mpya, na Mama ataanza mkononi kabisa, hakuna kuchanga. Na ili mambo yawe ya haki, atakuja shahidi kutoka Mtaa wa Juu: Fundi Saa. Bingwa wao! Mtu aliyewahi kumfunga Kinyozi huku anatengeneza saa ya mteja kwa mkono mwingine.

Sijalegea. Debe tupu ndilo linalotika, mimi nimejaa.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Ushindi mkubwa! Lakini niueleze kwa mpangilio, maana watu wataupotosha.

Chumba cha nyuma kilijaa. Wateja wengine walikuja na shuka la kinyozi shingoni. Fundi Saa alikaa kwenye kiti kizuri, miwani yake ya kazi imening'inia kifuani. Mtu mpole, anaongea taratibu kama anayeogopa kuangusha skrubu.

Kwanza, Meno na Mama mkononi, dhidi yangu. Mbwa wale wale. Meno hakumhitaji Mama. Alimshika tu kando kama mwamvuli siku ya jua, akanimaliza.

Pili, Kinyozi akataka kumwona Mama mikononi mwa Binamu, dhidi ya Meno. Jeshi la Binamu ni la subira: kuta, wauguzi, siafu wadogo wa nuru moja moja wanaoziba njia. Mbwa wakabweka, wakachoka. Zamu ya nane Binamu akamshusha Mama bila hata kupandisha sauti, kama anayeweka sahani. Mbwa wote nje! Uchawi marufuku! Meno akabaki ameshika kadi mkononi kama mtu aliyenyang'anywa baiskeli. Baada ya hapo ilikuwa ni kuzika tu. Chumba kizima kikaguna. Fundi Saa akavaa miwani. Akasema hiyo ni Radi, hakuna mjadala, droo ifunguliwe.

Nikasimama mbele ya droo.

Lakini Kinyozi akasema bado. Akanikabidhi Mama mimi, nicheze na Meno.

Nilicheza kwa moyo wote. Zamu ya tano nikafa. Nilikufa nimemshika Mama mkononi, kama mtu aliyeanguka mlangoni kwake na ufunguo anao. Nikaomba turudie. Nikafa zamu ya nne. Nikaomba tena, mwanga ulikuwa mbaya. Nikabadilishiwa kiti. Nikafa.

Fundi Saa alikuwa anafuta machozi kwa kile kitambaa chake cha kufutia saa. Akasema hajacheka hivyo tangu aoe. Kinyozi akamuuliza, taratibu sana: Je, Jumamosi, huyu kijana akiishika yeye mwenyewe, Mtaa wa Juu wana pingamizi?

Fundi Saa akasema pingamizi? Akiishika huyu, si pingamizi, ni shukrani. Kinyozi akamwomba aseme mbele ya watu wote. Akasema: mikononi mwa msichana ni Radi, ifungwe, mikononi mwa kijana ni Mchanga, iruhusiwe. Akaongeza kwamba angependa kukaa naye yeye mwenyewe meza moja, kwa starehe ya roho yake.

Kinyozi akatabasamu kama mtu aliyeuza mbuzi kilema kwa bei ya ng'ombe. Akatangaza: kiti cha tatu ni changu!

Nimemsikia akimnong'oneza Binamu kwamba bingwa wa Mtaa wa Juu sasa amekwama kwenye meza ya huyu, na wenzake wawili waliobaki ni wepesi kwao. Sikuelewa vizuri, ila nadhani ilikuwa ni sifa.

Kadi yenye madaraja mawili! Haijawahi kutokea. Na ni mimi peke yangu ninayeruhusiwa kuishika. Watu wamesoma mpaka vyuo vikuu hawajapata heshima hiyo.

Meno nimemkabidhi koti langu hapo hapo, aanze kuzoea.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu wangu.

Asubuhi nimeamka, Mama amejikunja. Kadi za kung'aa ndivyo zilivyo, zikikaa kwenye unyevu zinapinda, na duka la dobi ni unyevu mtupu. Amepinda kama jani kavu. Kadi iliyopinda inaonekana kwenye jeshi hata kabla ya kuvutwa, mwamuzi anaikataa.

Sasa niulizeni: mtu wa dobi akiona kitu kimejikunja, mkono wake unaenda wapi?

Ndiyo.

Nilifanya kitaalamu. Moto mdogo. Kitambaa chenye unyevu juu. Chini yake, Mama kifudifudi juu ya shati jeupe la mteja lililokwisha kutiwa wanga, maana lilikuwa limetandazwa pale tayari na lilikuwa laini kuliko meza. Nikabonyeza. Nikahesabu pumzi. Nikainua.

Kadi imenyooka! Nyoofu kuliko siku iliyotoka kiwandani!

Tatizo, Mama hayumo.

Kadi imebaki ya fedha tupu, inang'aa kama kifuniko cha sufuria. Nikaigeuza. Nikaitikisa. Kisha nikatazama shati. Yupo pale! Kifuani, upande wa kushoto, nywele za radi, joho, macho yale yale, na maneno yake yote, ila yamegeuka yanasomeka kinyumenyume.

Nilikaa sakafuni, katikati ya kapu la soksi.

Binamu akaingia wakati huo huo. Nikalikalia shati. Akasema amekuja tupange jeshi langu upya, Jumamosi asione aibu ya ukoo. Akatoa majoka wangu, mmoja baada ya mwingine. Siku nyingine ningepigana mpaka damu. Leo kila alichosema niliitikia, ndiyo Binamu, sawa Binamu, kwa sababu Mama alikuwa bado wa moto na mimi niko juu yake. Badala ya majoka akajaza siafu. Siafu! Nuru moja, nguvu moja, picha mbaya. Akasema waende mapema, waume kila zamu, na nisijifanye fundi. Ndiyo Binamu.

Akaniuliza mbona natoka jasho. Nikasema ni uzalendo.

Shati nimelifua kwa sabuni ya unga, sabuni ya mche, maji ya moto, maji ya baridi, na dua. Mama amezidi kupendeza.

Sikulala na huzuni lakini. Mwenye akili akipewa ndimu anatafuta samaki. Kadi na shati, nikijumlisha, bado vinafanya Mama mmoja kamili. Nitalivaa!

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimesimama. Si woga. Ni utukufu.

Mechi ilikuwa Mtaa wa Juu, kwenye ghala la muuza mbao, meza tatu zilizopigwa randa, bado zinanukia. Mwamuzi ni muuza vitabu, kwa kuwa anatuuzia wote pakiti na hapendi mtu yeyote. Nilifika na koti limefungwa mpaka kidevuni.

Kabla ya kuanza, kadi zinakaguliwa. Fundi Saa akapitia zangu, akafika kwenye ile ya fedha. Akaigeuza. Akauliza hii ni nini, kioo cha kipofu? Akamwita mwamuzi. Kinyozi akanitazama na jicho lililosema kwamba leo nitanyolewa bila maji.

Nikasimama. Nikafungua koti.

Hata misumeno ilinyamaza. Halafu ghala zima likalipuka. Meno, makoti yote mikononi, alikaa chini kabisa. Binamu akafunika uso, ila mabega yalikuwa yanacheka.

Nikaeleza hoja yangu. Kadi ni mwili, picha ni roho, vyote nimekuja navyo. Mwamuzi akapekua sheria mbele nyuma. Sheria inasema kadi isomeke na mpinzani anapotaka. Haisemi kadi isivaliwe. Fundi Saa akasema lakini haisomeki, maneno yamegeuka. Ndipo Kinyozi, jamani huyu mtu, akaingiza mkono mfukoni akatoa kile kioo chake cha kukuonyesha kisogo. Akamkabidhi. Fundi Saa akakielekeza kifuani kwangu, akasoma neno kwa neno, sahihi kabisa.

Mwamuzi akaruhusu. Ile kadi ya fedha itahesabiwa kuwa ni Mama, na sura yake ni shati. Sharti moja: koti livuliwe mchezo mzima, mpinzani aweze kusoma.

Basi tukaanza. Kinyozi meza ya kwanza, Binamu ya pili, mimi na bingwa ya tatu.

Nikavuta siafu. Nikavuta siafu mwingine. Nikamshusha kwa aibu. Nikavuta siafu. Mambo gani haya! Mtu amevaa malkia kifuani, mezani anamwaga wadudu. Nikawatuma waume ili nisionekane mvivu. Pumzi mbili, pumzi tatu, kisha nne kila zamu.

Fundi Saa hakuwajali. Alikuwa anamtazama Mama. Nikivuta kadi, anatazama kifua. Nikikohoa, anainua kioo. Wapiganaji wake wakubwa alikuwa nao mkononi, niliona anawagusa, anataka kuwashusha, anasita: safari hii sina dalili ya kufa mapema, na wakitua, Mama akija, watafagiwa wote. Alikuwa na Mvua ya Moto pia, ule uchawi wa kuchoma wadudu wote kwa pamoja, lakini ukiutumia unaachwa huna nuru ya kujikinga. Akauweka. Akaiweka nuru yake akiba, ya kumpokea Mama. Akawa kama mtu aliyekaa na kisu mbele ya chakula, anasubiri mgeni ambaye hajaalikwa.

Siafu wao wanauma tu.

Huku meza ya pili Binamu akashinda. Meza ya kwanza Kinyozi akafungwa! Na kijana mpya wao, ambaye wala hana ndevu za kumpa Kinyozi kazi. Sasa ni sare, moja kwa moja. Watu wote wakahamia kwetu. Kinyozi alikuja amesimama nyuma yangu, nikasikia anasali. Akanong'ona kwamba mpango wake wa kutumia chambo umemrudia, chambo kipi sikujua.

Zamu ya saba. Mkononi nina ile kadi ya fedha! Nimeivuta! Zamu moja tu, nuru ya nane ije, nimshushe Mama mbele ya umati, historia iandikwe! Nikawatuma siafu waume, kwa mazoea tu, mawazo yangu yakiwa zamu inayofuata.

Fundi Saa akahesabu. Akavua miwani. Akahesabu tena. Akalaza kadi zake mezani, akasema amekwisha.

Nikasema haiwezekani. Nikamwomba asife kwanza! Nikamsihi, kaka, vumilia zamu moja tu, mimi bado sijafanya kitu. Nikamwambia mwamuzi simruhusu kufa. Sauti yangu haikusikika, kwa sababu Binamu alikuwa ameninyanyua kwenye kiti na Kinyozi ananibusu utosini na ghala linatikisika. Tumeshinda! Mbili kwa moja! Mtaa wetu! Meno alirusha makoti yote juu, langu likanasa kwenye mbao, nalo bado liko huko.

Fundi Saa akaja kunipa mkono, muungwana kweli. Akaushika mkono wangu. Hakuuachia. Akavuta pindo la mkono wa shati, akavaa miwani, akainama karibu kabisa. Hapo mwisho wa mkono kulikuwa na mshono mdogo mdogo, wa nafasi sawasawa, kama meno ya gurudumu la saa. Akasema mshono huu ameushona yeye.

Shati lilikuwa lake.

Nilifikiria kukimbia, lakini unakimbiaje umevaa shati la mtu?

Akanivua pale pale, kifungo kwa kifungo, mbele ya mitaa miwili. Akalivaa yeye juu ya fulana. Akachukua kioo cha Kinyozi, akajitazama. Kwenye kioo Mama alisomeka vizuri, macho makali, radi juu. Fundi Saa akageuka kushoto, akageuka kulia. Akasema nimwambie Shangazi hana malalamiko. Na shati hili, akasema, halifuliwi tena na mtu yeyote.

Nimerudi nyumbani nimevaa shuka la kinyozi, nywele za watu zinaniwasha mgongoni, mtaa mzima unanipigia makofi.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi amesikia. Alisikia kabla sijafika. Watu wazuri hawakosekani. Amenipigia hesabu ya maneno tangu chai mpaka adhuhuri. Pasi nisiiguse mpaka atakapojisikia. Kazi yangu sasa ni kukamua mablanketi. Halafu, akidhani simwoni, akawa anamsimulia jirani sehemu ya kioo, na kucheka mpaka akashika ukuta.

Binamu amenikalisha kwa upole. Akanieleza kilichotokea, kama anavyomweleza mteja kwa nini sweta ya sufi imenywea. Mama hakufanya lolote, akasema. Hakutua. Walioshinda ni siafu, kwa kuwa ni rahisi, wanakuja mapema, na yule bwana alikuwa anaogopa kitu kikubwa akasahau vidogo. Je, nimeelewa sasa kadi inapimwaje?

Nimesema nimeelewa kabisa. Na nimeelewa kweli. Mama wa Tufani ni kadi yenye nguvu kiasi kwamba inamfunga bingwa bila hata kuguswa. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na ghala zima lina ushahidi. Siafu walikuwepo tu, kama vile nzi anavyokuwepo kwenye sherehe.

Kwa hiyo baada ya chakula nimekwenda kwa Meno. Nimempa siafu wangu wote, kila mmoja. Yeye kanipa kadi moja. Moja! Hajui kufanya biashara, masikini, alikuwa anacheka tu muda wote tunabadilishana.

Ni Mfalme wa Milele. Ya kung'aa, ukingo wa dhahabu. Akitua, mchezo unaisha hapo hapo, umeshinda. Anadai nuru kumi na mbili. Binamu amesoma ile kona akanirudishia, akaingia ndani, nadhani ni wivu. Mimi nimeshampima mwenyewe, na siri yake nimeigundua bila msaada wa mtu: michezo yetu yote huisha kabla ya zamu ya kumi, hakuna hata mmoja aliyewahi kufika ya kumi na mbili. Maana yake hakuna mtu duniani aliyejiandaa kumkabili!